Rez: mchezo wa video uliogeuza shabaha kuwa mdundo

Tarehe 22 Novemba 2001, kampuni ya Sega ilianza kuuza nchini Japani mchezo wa video uitwao Rez. Mtu aliyeutazama kwa mbali aliona mchezo wa kulenga shabaha kama mingine mingi iliyokuwa sokoni wakati huo: vitu vinamjia mchezaji, naye anavilenga na kuvilipua. Tofauti yake husikika kabla ya kuonekana. Kila shabaha inayopigwa hutoa sauti ya ala, na kila sauti huangukia mahali pake katika mdundo wa muziki unaoendelea. Baada ya dakika chache mchezaji hujikuta anapiga ngoma huku akidhani anapigana.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, Rez bado hutajwa kila panapozuka swali la kama mchezo wa video unaweza kuitwa kazi ya sanaa. Makala haya yanaeleza mchezo huo ulivyo, ulikotoka, unavyofanya kazi, na kwa nini kazi iliyouzwa kwa shida ilipotoka imeishi kuliko mashine iliyotengenezewa. Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki liko pia jambo la karibu zaidi: sehemu ya wazo lake ilichochewa na wanamuziki wa mitaani nchini Kenya.

Safari ndani ya mtandao

Hadithi ya Rez ni fupi. Katika dunia ya baadaye, mtandao mkubwa wa kompyuta unasimamiwa na akili mnemba iitwayo Eden. Maarifa yanayomiminika ndani yake yamemzidi. Ameanza kutilia shaka sababu ya kuwapo kwake, na amejifungia usingizini. Mchezaji anaingia ndani ya mtandao huo kama mdukuzi, anapita safu moja baada ya nyingine za ulinzi, na kazi yake ni kumfikia Eden na kumwamsha.

Hakuna maelezo marefu wala mazungumzo. Mchezaji hachagui njia. Anachukuliwa mbele kana kwamba amepanda gari la moshi, na kilichoachwa mikononi mwake ni kulenga. Akishikilia kitufe na kupitisha alama ya shabaha juu ya vitu vilivyo mbele yake, anaweza kufunga shabaha hadi nane kwa pamoja. Akiachia kitufe, zote hupigwa kwa mfululizo. Anachoona ni mistari ya mwanga juu ya giza: nguzo, ngazi, mahekalu na viumbe vilivyochorwa kwa kingo zao tu, bila ngozi wala ukuta. Baadhi ya maumbo hayo yanakumbusha ustaarabu wa kale, ukiwemo wa Misri na wa India.

Mchezaji mwenyewe ana umbo linalobadilika. Akikusanya nguvu za kutosha, umbo hilo hupanda daraja: kutoka mwili wa binadamu uliofumwa kwa mistari michache, hadi mwili uliokamilika zaidi, hadi mtu aliyekaa amekunja miguu kama anayetafakari. Akipigwa, hushuka daraja. Daraja la chini kabisa ni tufe tupu, na akipigwa akiwa tufe safari hukatika. Kwa hiyo afya ya mchezaji haionyeshwi kwa tarakimu pembeni mwa skrini. Inasomwa katika mwili wake.

Mchezo umegawanywa katika sehemu 5. Nne za kwanza zina safu 10 kila moja, na kila safu mpya inapofunguliwa muziki huongezewa kitu: leo ngoma ya chini, kesho kengele, kisha sauti ya binadamu iliyokatwakatwa. Sehemu ya tano huleta maandishi mafupi juu ya chimbuko la uhai majini na safari yake kuelekea nchi kavu. Ndipo mchezaji hugundua kwamba hadithi ya kompyuta iliyochoka ilikuwa pia hadithi ya kiumbe kinachojiuliza kilitoka wapi.

Mchoraji, tamasha na wanamuziki wa mtaani

Mzalishaji wa Rez ni Tetsuya Mizuguchi, Mjapani aliyesomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Nihon na kujiunga na Sega mwaka 1990. Jina lake lilijulikana kwanza kupitia Sega Rally Championship, mchezo wa mbio za magari wa katikati ya miaka ya 1990, na baadaye Space Channel 5 wa mwaka 1999, ambao ulimtaka mchezaji aige hatua za dansi kwa kufuata muziki. Rez uliandaliwa na studio aliyoiongoza ndani ya Sega, United Game Artists, na mwelekezaji wake alikuwa Jun Kobayashi.

Mizuguchi ametaja chemchemi tatu za wazo lake. Ya kwanza ni mchoraji Mrusi Wassily Kandinsky, aliyezaliwa Moscow mwaka 1866 na kufariki nchini Ufaransa mwaka 1944. Kandinsky ni miongoni mwa waliofungua njia ya uchoraji usioiga sura za vitu. Aliamini kwamba rangi na mstari vinaweza kugusa moyo kama sauti inavyougusa, bila kupitia picha ya mti au ya uso wa mtu. Januari 1911 alihudhuria mjini Munich tamasha la muziki wa Arnold Schoenberg, kisha akachora alichokisikia: wimbi kubwa la rangi ya manjano linalofunika ukumbi, na umbo jeusi la piano katikati yake. Mchoro huo umehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Lenbachhaus mjini humo. Mwishoni mwa mwaka huohuo alichapisha kitabu chake juu ya roho katika sanaa, ambacho ndani yake rangi hulinganishwa na ala za muziki.

Hali ya hisi moja kuamsha nyingine, kama vile sauti kuonekana kuwa rangi, huitwa sinesthesia. Kwa watu wachache ni jambo wanalozaliwa nalo. Kwa Kandinsky ilikuwa pia nadharia ya sanaa, na kwa Mizuguchi ikawa lengo la kazi. Wakati wa maandalizi mchezo uliitwa Mradi wa K, kwa heshima ya herufi ya kwanza ya jina la mchoraji huyo.

Chemchemi ya pili ni Zürich, Uswisi. Mwaka 1997 Mizuguchi alihudhuria huko tamasha la barabarani la muziki wa tekno, ambalo huvuta umati mkubwa kila mwaka. Aliona taa, sauti na miili ya watu ikienda kwa pamoja, na umati mzima ukibadilika muziki ulipobadilika. Hapo ndipo alipomkumbuka Kandinsky na kujiuliza kama hali ile ingeweza kuwekwa mikononi mwa mtu mmoja aliyekaa mbele ya runinga.

Chemchemi ya tatu ndiyo inayotugusa. Mizuguchi ameeleza kwamba miongoni mwa vitu vilivyomwongoza ni video ya wanamuziki wa mitaani nchini Kenya. Kilichomvutia ni namna muziki ule ulivyokua kwa kuitana na kuitikiana. Msomaji wa ukanda huu hahitaji kuelezwa jambo hilo kwa kirefu. Katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki manju huanzisha, wengine hupokea, makofi hujaza nafasi iliyoachwa wazi, na anayefika akiwa mtazamaji huondoka akiwa ameimba. Wimbo wa namna hiyo huwa na pengo lililoachwa makusudi kwa ajili ya waitikiaji, na wakinyamaza husikika kuwa umepungua. Rez ni jaribio la kujenga pengo la namna hiyo ndani ya kompyuta.

Namna mashine inavyomsaidia mchezaji

Ugumu wa jaribio hilo uko wazi. Mtu wa kawaida hana mkono wa mpiga ngoma. Akibonyeza kitufe kila anapoona adui, atabonyeza mapema au atachelewa, na matokeo yake yatakuwa kelele juu ya muziki. Michezo mingine ya muziki ya wakati huo ilitatua tatizo hilo kwa kumwadhibu: alama hushuka kwenye skrini, mchezaji hutakiwa abonyeze kwa wakati uleule, na akikosea hupoteza pointi.

Rez ulichukua njia ya upole. Mchezaji anapobonyeza, kompyuta haitoi sauti papo hapo. Husubiri hadi mgawanyo unaofuata wa mdundo, kisha ndipo huitoa sauti pamoja na mwako wake kwenye skrini. Chukua mfano wa muziki wenye mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja huchukua nusu sekunde, na likigawanywa mara nne kila sehemu ni sekunde 0.125. Ucheleweshaji mfupi kiasi hicho hauonekani kwa urahisi, lakini sikio huutambua mara moja kama mpangilio. Mchezaji amekosea, na muziki haukukosea.

Kuna faida ya pili katika hila hiyo. Kwa kuwa haogopi kutoka nje ya mdundo, mchezaji huacha kuhesabu na huanza kusikiliza. Polepole mkono wake hujifunza pengo liko wapi, na huanza kuachia kitufe mahali ambapo muziki unamwita. Mwalimu mzuri wa ngoma hufanya vivyo hivyo kwa mwanafunzi: humfunika kwa mapigo yake mwenyewe mpaka mwanafunzi apate nafasi yake.

Hata silaha imebadilishwa maana. Sauti za mlipuko wa kawaida hazipo. Kufunga shabaha ni mguso mdogo wa kengele au wa ngoma, kuachia ni mfululizo wa noti, na adui anapovunjika hutoa sauti inayokamilisha kishazi cha muziki. Ipo pia namna ya kucheza ambayo ndani yake mchezaji hawezi kushindwa kabisa. Husafiri tu, akapiga au akanyamaza apendavyo. Kwa namna hiyo watengenezaji waliweka wazi kwamba ushindi haukuwa jambo walilolijali zaidi.

Muziki wenyewe ulikusanywa kutoka kwa watunzi wa muziki wa elektroniki wa Japani na Ulaya. Miongoni mwao ni Ken Ishii na kundi la Joujouka kutoka Japani, Coldcut na Adam Freeland kutoka Uingereza, na Oval kutoka Ujerumani. Ili kazi zao zitumike, ilibidi kila wimbo ufunguliwe vipande vipande, ili mashine iweze kukiongeza au kukipunguza kila kipande kulingana na safari ya mchezaji. Kwa sababu hiyo hakuna watu wawili wanaousikia wimbo uleule kwa namna moja.

Muziki unaoshikwa

Hisi ya tatu iliyoshughulikiwa ni mguso. Pedi ya kuchezea hutetemeka kwa kufuata ngoma ya chini. Nchini Japani, toleo la mashine ya PlayStation 2 liliuzwa pia pamoja na kifaa cha ziada kilichoitwa Trance Vibrator, ambacho kazi yake pekee ilikuwa kutetemeka kwa kufuata muziki. Hakina kitufe cha kuongoza mchezo. Mtu hukiweka pale anapotaka mtetemo umfikie, kama vile mgongoni au chini ya miguu.

Wapo waliokifanyia mzaha kifaa hicho. Hata hivyo, mtu aliyewahi kusimama karibu na ngoma kubwa, au karibu na spika za harusi ya mtaani, anajua kwamba mdundo hufika kifuani kabla sikio halijaupanga. Watengenezaji walitaka kulirudisha jambo hilo sebuleni, mahali ambapo spika ndogo za runinga huwa zimelipoteza.

Mashine iliyokufa mapema

Rez ulitoka wakati mbaya. Ulitengenezwa kwa ajili ya Dreamcast, mashine ya michezo ambayo Sega yenyewe ilikuwa imetangaza mwanzoni mwa mwaka 2001 kwamba ingeacha kuitengeneza. Kampuni hiyo ilikuwa inajiondoa katika biashara ya mashine na kubaki na ile ya kutengeneza michezo. Toleo la PlayStation 2 lilitolewa sambamba, lakini mchezo haukuuzwa sana. Mwaka 2003 Sega ilipanga upya studio zake, United Game Artists ikaunganishwa na studio nyingine ya kampuni hiyo, na Mizuguchi akaondoka.

Malalamiko ya wanunuzi yalikuwa na msingi wake. Sehemu 5 zinaweza kumalizwa katika muda unaokaribia ule wa filamu moja, ilhali bei ilikuwa ile ya mchezo mzima. Mtu aliyezoea kununua saa 30 au 40 za burudani aliona amepunjwa. Wakosoaji waligawanyika: wengine waliona mchezo mfupi wa kulenga shabaha uliovikwa mapambo, na wengine waliona kitu ambacho hakikuwahi kuwapo. Japani yenyewe iliutambua mapema. Mwaka 2002 ulipata tuzo maalumu katika tamasha la sanaa za midia linaloandaliwa kwa ushirikiano na idara ya utamaduni ya serikali ya nchi hiyo.

Kipimo cha saa kina haki yake sokoni, hasa kwa familia inayohesabu fedha. Lakini hakuna anayepima wimbo kwa urefu wake, wala anayelalamika kwamba taarabu ya jana usiku ilikwisha. Anayependa wimbo huurudia. Wachezaji wa Rez walioupenda waliufanyia vivyo hivyo: waliurudia kwa miaka, na ndio waliouokoa usisahaulike.

Swali la sanaa

Miaka iliyofuata, ubishi juu ya michezo ya video na sanaa ulitoka katika kumbi za wataalamu na kufika kwa watu wengi. Aprili 2010, Roger Ebert, mkosoaji mashuhuri wa filamu wa Marekani, aliandika kwamba michezo ya video haiwezi kamwe kuwa sanaa. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mchezo una kanuni, malengo na mshindi, wakati kazi ya sanaa ni kitu cha kupokelewa na kuhisiwa. Wasomaji walimjibu kwa maelfu. Julai ya mwaka huohuo alikiri kwamba hakupaswa kutoa hukumu hiyo juu ya michezo ambayo hakuwa ameicheza, ingawa hakubadili moyo wake.

Taasisi nyingine zilijibu kwa vitendo. Juni 2011, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria ya jimbo la California iliyozuia kuuziwa watoto michezo yenye ukatili. Iliamua kwamba michezo ya video hubeba mawazo kama vitabu, tamthilia na filamu, na kwa hiyo inalindwa na uhuru wa kujieleza. Novemba 2012, Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilitangaza kuingiza michezo 14 katika hazina yake. Rez haukuwa miongoni mwake, lakini ndugu yake wa karibu alikuwemo: vib-ribbon, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1999 unaochora njia ya mchezaji kutokana na muziki uliomo katika diski yoyote anayoiweka.

Rez una jibu lake kwa hoja ya Ebert. Yeye alitenganisha kufanya na kupokea, na mila za muziki za sehemu nyingi za dunia, zikiwemo zetu, hazikuwahi kuvitenganisha. Mwitikiaji katika ngoma anafanya kazi na anapokea kazi kwa wakati mmoja. Kanuni anazozifuata hazimfungi. Ndizo zinazompa nafasi ya kuingia. Mtu hawezi kumweleza mwenzake radhi ya kuitikia kwa kumwonyesha picha, na hali ni hiyohiyo kwa Rez: anayeutazama tu huona taa zinazomulika, naye anayeucheza husikia wimbo unaomngoja.

Kuna jambo jingine linalofaa kuzingatiwa na wazazi na walimu. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, vijana hulipia kucheza katika vibanda vya PlayStation, na mara nyingi kilicho kwenye skrini ni mpira wa miguu au mapigano. Watu wazima wengi wamejenga hukumu yao juu ya michezo yote kwa kutazama mlangoni mwa vibanda hivyo. Rez hauwalazimishi kufuta hukumu hiyo. Unaonyesha tu kwamba kulenga na kupiga, tendo linalolaumiwa zaidi katika michezo, linaweza kupewa maana tofauti kabisa kwa kubadilisha sauti inayolijibu. Kilichomo ndani ya mchezo ni uamuzi wa waliouunda, na uamuzi unaweza kuhojiwa mmoja baada ya mwingine.

Kurejea kwa Rez

Mwaka 2008, Rez ulirudi ukiwa na picha safi zaidi kwa ajili ya mashine ya Xbox 360, ukiuzwa kupitia intaneti bila diski. Uliletwa na Q Entertainment, kampuni ambayo Mizuguchi alishiriki kuianzisha baada ya kuondoka Sega. Mwaka 2011 alitoa Child of Eden, unaoendeleza hadithi ya Eden.

Marejeo makubwa zaidi yalikuwa ya Oktoba 2016. Rez Infinite ulitoka siku ileile ambayo Sony ilianza kuuza PlayStation VR, miwani ya uhalisia pepe inayomfunika mtumiaji macho na kumzungushia ulimwengu wa mchezo pande zote. Pamoja na sehemu 5 za zamani, iliongezwa mpya iitwayo Area X. Humo mchezaji hachukuliwi tena kama abiria. Huelea apendako, na kila anachokivunja hutawanyika kuwa vumbi la mwanga linalocheza na muziki. Mwishoni mwa mwaka huo Rez Infinite ulishinda tuzo ya mchezo bora wa uhalisia pepe katika hafla ya The Game Awards nchini Marekani.

Wazo la mtetemo nalo lilikua. Kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Keio na studio ya sanaa ya Rhizomatiks, lilitengenezwa vazi lenye vitetemeshi 26 vilivyotawanywa mwilini, ili kila ala isikike mahali tofauti pa mwili. Vazi hilo lilibaki kitu cha maonyesho. Mwaka 2018 Mizuguchi na wenzake walitoa Tetris Effect, ambao ulipeleka mbinu ileile katika mchezo wa matofali yanayoshuka unaojulikana duniani kote: kila tofali linalogeuzwa huwa sauti ndani ya wimbo.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni ya afya. Mwanga unaomulika kwa kasi unaweza kuamsha kifafa kwa watu wachache wenye hisia kali ya mwanga. Japani ililijua jambo hilo kwa uchungu: Desemba 1997, zaidi ya watoto 600 walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni za Pokémon chenye mimuliko ya rangi nyekundu na buluu. Mtu mwenye historia ya kifafa, au mwenye jamaa wa damu aliye nayo, anapaswa kupata ushauri wa daktari kabla ya kujaribu michezo ya aina hii, na zaidi kwa miwani ya uhalisia pepe, ambayo pia huwapa baadhi ya watu kizunguzungu.

Ya pili inahusu kumbukumbu. Kitabu kilichochapishwa mwaka 2001 bado kinasomeka leo bila kifaa chochote. Mchezo wa mwaka huo unahitaji mashine ambayo haitengenezwi tena, runinga inayolingana nayo, na diski isiyochubuka. Utafiti wa shirika la Video Game History Foundation uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya video iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kwa njia ya kawaida ya kununua. Rez umenusurika kwa sababu muundaji wake na wapenzi wake walihangaika kuuhamisha kutoka mashine moja hadi nyingine. Mingi haikupata mlezi wa namna hiyo.

Hasara hiyo nayo si ngeni kwa watu wa ukanda huu. Nyimbo nyingi za ngoma ziliishi katika vinywa vya manju wachache na miili ya waliowaitikia, na pale kanda za redio zilipofutwa au kuoza, au wazee walipoondoka bila mwanafunzi, hazikuwa na mahali pengine pa kukaa. Wimbo wa kuitikiana hauhifadhiwi kikamilifu kwa kurekodiwa tu, kwa sababu rekodi humhifadhi manju na kuliacha pengo la mwitikiaji bila mtu. Rez unahitaji kitu hichohicho ili uendelee kuwapo: pamoja na diski na mashine, anahitajika mtu wa kuushika na kuujibu.